Jina Nililolitoa Kwenye Hitima

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Naikumbuka hadi kanzu niliyovaa: nyeupe, ya kuazima, inanibana makwapani. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu, mjini Mocímboa huku pwani, napokea wageni wa hitima, akaja mtu mmoja amebeba mfuko wa unga. Mtu yule sikumpiga, sikumtukana, wala sikumwibia kitu. Nilimjibu maneno manne tu. Basi hayo manne ndiyo yanayonikosesha raha mpaka leo hii, na meno yenyewe yamekwisha kinywani.

Nakuona umekuja na daftari, na simu umeiweka hapo inarekodi. Vijana wote wa siku hizi ndivyo mnavyokuja. Vita vimechoma nyumba, vimechoma vyeti, sasa kila mtu anataka kujua babu wa babu yake ni nani. Vizuri. Lakini kabla sijakutajia jina hata moja, nisikilize kwanza, na usinikatize, maana nikikatizwa sianzi tena.

Nianze na Bibi, ndiye mwenye habari. Bibi mzaa baba, jina lake Faida. Jina hilo hakupewa na mama yake. Mama yake alimwita Nandenga, huko Diaca, bara. Alikamatwa akiwa msichana mdogo, anakwenda kuteka maji na kaka yake. Kaka akakimbia, yeye akashikwa. Akaletwa pwani, akauzwa, akasilimishwa, akaitwa Faida, na unaweza kukisia mwenyewe faida ilikuwa ya nani.

Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu. Kwao wasichana hutobolewa mdomo wakavishwa ndonya, kipande cha mti kilichochongwa, ndio urembo wao. Aliyemnunua aliitoa ile ndonya akaitupa, tundu likabaki. Kwa hiyo Bibi aliongea maisha yake yote na ncha ya kanga mdomoni. Wageni walidhani ni mtu wa haya. Haya gani, Bibi alikuwa mcheshi kupita wote nyumbani. Sisi wa ndani tulilijua lile tundu, kwa sababu akicheka alisahau kanga. Mama yangu alifariki mimi bado natambaa, Bibi ndiye aliyenilea. Nilikuwa nikikaa mapajani kwake nakitia kidole changu kwenye lile tundu, naye ananiambia, "Toa, utanitoboa ubongo."

Kuna asubuhi alichota unga wa mtama kiganjani, akazunguka nyuma ya nyumba, akaumwaga chini kidogo kidogo huku akimtaja mama yake na kaka yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimkataza sijui mara ngapi. Bibi alijibu, "Ndiyo, mwalimu," na wiki inayofuata mtama uleule, mahali palepale.

"Kaka yangu ananitafuta," aliniambia siku moja. "Alikuwa na mbio yule, lakini si mtu wa kuniacha. Akija yeye au wanawe, waambie nipo."

Nilikuwa na miaka saba hivi. Nikamwambia ndiyo, nikaendelea kula.

Haukupita muda mrefu, Bibi akafa. Tukamzika makaburi ya pale pale mjini, na kichwani pa kaburi baba akafukia nusu ya bakuli la bati la buluu alilokuwa akilia chakula Bibi, liwe alama. Kisha baba akafanya jambo ambalo lazima nikueleze vizuri, kwa sababu habari yote inasimama hapo.

Sisi, mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, ukoo hukusanyika kusoma hitima. Inasomwa Kurani, halafu mwalimu anapewa karatasi yenye majina ya marehemu wa nyumba ile, anayasoma moja moja, na kila jina watu wanaitikia, "Mola amrehemu." Karatasi ile ndiyo kitabu cha ukoo. Mreno alikuwa na vitabu vyake vya kodi ya kibanda huko kwenye boma, sisi tulikuwa na karatasi ya hitima. Aliyemo humo ni wetu. Asiyekuwemo hakuna wa kumwombea, na kizazi kikipita hakuna wa kumjua.

Baba aliandika kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili: "Faida, kwao Nandenga, mtu wa Diaca, mama yetu." Ndugu zake walimshauri aandike binti Abdallah, kama wanavyoandikwa watu wasiojulikana baba zao, yaishe. Baba akakataa. Alisema akiandika hivyo ndugu zake Bibi watampataje. Basi ikabaki hivyo, na baba alipokufa karatasi akaishika dada yake, Shangazi Mwanahawa, binti wa Faida kwa kuzaa.

Sasa njoo kwangu. Nilipofika miaka ishirini na ushei nilikuwa kijana msomi, au ndivyo nilivyojiona. Nimesoma chuo, nimesoma na shule ya Mreno mpaka darasa ambalo wenzangu wengi hawakulifikia. Uhuru umekuja, nimepata kazi ya ukarani, nina baiskeli. Nikampenda msichana anaitwa Zuhura. Kwao ni wafanyabiashara wa nguo, waliovuka Ruvuma zamani, na mkubwa wa nyumba ni mjomba wake, Mzee Athumani. Huyu mzee, kila akitaka kutaja Kilwa, hujifuta kwanza midomo na leso. Nimemwona kwa macho yangu. Kwa kumsikiliza ungedhani mji wa Kilwa uliteremshwa na babu yake.

Nilipopeleka posa hakunikataa. Alisema tu, "Sisi tunaoza kwa nasaba, kijana. Shaabani inakaribia. Tutakuja kwenu hitimani, tuwasikie wazee wenu."

Unaelewa alichokisema? Hakuniuliza nina nini wala nafanya kazi gani. Anakuja kukaa mkekani kwetu kusikiliza karatasi. Na kwenye karatasi yumo mtu wa Diaca.

Nikaenda kwa Shangazi. Nikamwambia ile karatasi inaliwa na mende, nipe niinakili kwenye daftari jipya, kwa herufi za kisasa. Akafurahi. Akaniombea dua. Nikakaa mezani na kalamu ya wino, nikanakili jina la kwanza, la pili, la tatu, nikafika kwa Bibi. Usije ukadhani nilisita. Sikusita. Niliruka mstari ule, na mahali pake nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Sharifa binti Omari wa Kilwa." Nikajipatia bibi mpya, na wino ukakauka.

Siku ya hitima ikafika. Wageni wamejaa, wanawake wako uani wanapika, Mzee Athumani amekaa mkekani mahali pa heshima, hatua tatu kutoka mlangoni. Mimi niko mlangoni na kanzu yangu ya kubana. Ndipo akaja yule mtu. Mtu mzima wa miaka hamsini hivi, ana vumbi mpaka nyusi. Vita vya kumtoa Mreno vilikuwa vimekwisha, barabara zimefunguka, watu wa bara wakaanza kuteremka kutafuta watu wao. Alikuja juu ya lori la mizigo.

"Hodi," akasema. "Natafuta nyumba ya mama mmoja aliyechukuliwa kwetu Diaca zamani. Mdomo wake una tundu la ndonya. Sokoni wameniambia ni hapa. Baba yangu ni kaka yake, ndiye aliyeniagiza kabla hajafa."

Nyuma yangu nikasikia mkeka unalia. Mzee Athumani amegeuka.

"Hapa hatumjui mtu huyo," nikasema.

Yule mtu akanitazama. Alinitazama muda mrefu, uso mzima.

"Hata kaburi lake?"

"Hapa hatumjui mtu huyo."

Akauinua mfuko wake wa unga, akauweka begani. "Basi samahani, mwanangu. Ni kwamba kwetu bado hatujamlilia. Hatujui kama amekufa. Na huwezi kumlilia mtu ambaye pengine yuko sokoni ananunua chumvi."

Akaenda zake. Bibi alikuwa amelala umbali ambao ungeweza kutuma mtoto akakuletee kiberiti. Mimi nikaingia ndani nikaketi.

Mwalimu akasoma majina. Alipofika kwa Sharifa binti Omari wa Kilwa, watu wakaitikia, Mola amrehemu. Mzee Athumani akatoa leso, akajifuta midomo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Uani sufuria moja ikaanguka.

Wageni walipoondoka Shangazi hakuwepo. Jirani alikuwa amemwambia habari za mtu mwenye unga, akatoka mbio kwenda mahali malori yanapopakia. Akarudi viatu mkononi, miguu imechubuka, mwanamke mzima wa umri ule. Akakaa kizingitini, akahema kwanza.

"Ameshaondoka," akasema. Kisha akaniita kwa jina. "Bakari. Mama yangu aliuzwa mara moja, na aliyemuuza hakujua hata anaitwa nani. Wewe ulijua."

Nikajaribu kusema habari za Zuhura, za mjomba, za heshima ya nyumba. Akaniinulia mkono.

"Oa," akasema. "Mimi sitakuharibia, aibu yako ni aibu ya kaka yangu. Lakini huyo Sharifa wako simwitikii."

Akainuka kwenda kuosha masufuria. Na kweli, mwanangu, tangu siku ile mpaka anakufa, kila Shaabani jina lile likisomwa Shangazi alishika ncha ya kanga akaziba mdomo, akakaa hivyo mpaka jina linalofuata. Wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikawa natazama mkeka.

Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilikuwa nikiikimbia asili ile ile kwa sababu ya utumwa wake, kwa hiyo nijumlishie mwenyewe nilifika wapi. Wakasema tena njia ya mwongo ni fupi. Hapo niwabishie kidogo. Yangu ilienda zaidi ya miaka arobaini, pana, imenyooka, bila shimo. Watoto wangu walijifunza hitima kwa daftari lile. Kila mwaka watu wazima, wenye udhu, walimwombea rehema mwanamke ambaye hakuzaliwa, na aliyezaliwa, akanilea, akanilisha kwa mkono wake, hakupata hata Fatiha moja.

Utaniuliza kwa nini sikwenda Diaca nikarekebisha. Diaca si Maka. Ukipanda gari asubuhi, jua halijawa kali umefika. Nimepita pale mara nyingi nikienda Mueda kwa kazi za ofisi. Nilikuwa nikikaa dirisha la upande wa pili.

Tena nikwambie la kukera zaidi. Zuhura alikuwa mke mwema, Mungu amrehemu. Alipokuwa kwenye maradhi yake ya mwisho alinishika mkono akaniambia kuna jambo limemlemea. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa bara, mateka, na Mjomba Athumani aliwakataza wote wasimtaje. Kwa hiyo mzee wa watu alikuja kwetu kukagua wazee wetu, na wake amewafungia kabatini! Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumwambia mke wangu na langu, tucheke au tulie pamoja. Sikusema. Nilimfunika shuka nikamwambia apumzike.

Kisha vikaja vita hivi vya sasa. Sitavisimulia, umeviona. Tulikimbia na tulichoweza kushika. Karatasi ya baba, yenye jina la Bibi, ilikuwa kwenye sanduku la Shangazi, chumba cha uani, na nyumba iliungua yote. Mimi nilikimbia na mfuko wa plastiki wenye vitambulisho na lile daftari langu. Tulipofika Pemba, huu mji wetu, si kile kisiwa, nikaufungua, daftari liko kavu, salama, hata ukurasa haujakunjika. Ukweli uliungua, uongo niliuokoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi mjukuu wangu anaitwa Mwanaisha. Yuko Pemba anasomea ualimu wa historia. Alipoona watu wanahangaika kupata vyeti upya, wanaulizwa mama wa baba yako alizaliwa wapi wanabaki wamekodoa macho, akasema atatengeneza kitabu cha ukoo wetu, chenye ushahidi, wajukuu wasije wakapotea. Akaniomba daftari. Nikampa.

Binti yule alimtafuta Sharifa binti Omari kwa miaka miwili. Alituma ujumbe kwa watu asiowajua. Alivuka Ruvuma, akaenda Kilwa yenyewe, akakaa na wazee wa misikiti wawili watatu. Hakuna anayemjua. Mwisho mzee mmoja, kwa huruma tu, akamwambia katika ukoo fulani alikuwepo Sharifa mmoja, pengine ndiye huyo, na akamwonyesha kaburi. Mwanaisha akapiga magoti pale. Akasoma Fatiha, akalia, akapiga picha. Akarudi kunionyesha ile picha, uso wake umeng'aa.

"Tumempata, Babu."

Nikamwambia, "Mungu akulipe."

Naam, ndivyo nilivyosema. Bado unarekodi? Rekodi.

Lakini yule ni msomi kweli, si kama mimi. Hakutosheka na picha. Akaenda kwenye arkivu, ile ofisi ya serikali inayotunza makaratasi ya zamani, akaomba vitabu vya kodi ya kibanda vya wilaya yetu. Akafunua siku kwa siku. Jioni moja akaja na simu, akaniwekea mbele ya macho ukurasa wa mwandiko wa Mreno, wino umegeuka kahawia. Akanisomea: Saidi, mlipa kodi, mama yake Faida, mzaliwa wa Diaca. Saidi ni baba yangu.

"Babu, Faida ni nani?"

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Niko na miaka zaidi ya sabini, mke amekufa, Mjomba Athumani amekufa, hakuna wa kunikatalia posa. Ulimi ukatangulia. Nikasema, "Makarani wa Mreno waliandika walichosikia. Hayo ni makosa."

Mwanaisha akasema, "Ndiyo, Babu." Akafungua kitabu chake, alimokuwa ameshaandika jina la Faida kwa penseli. Akachukua rula, akapiga mstari juu yake. Hakuguna, hakuuliza mara ya pili. Amelelewa kuheshimu wakubwa.

Nikauona ule mstari. Miaka yote nilidhani dhambi ni yangu, nitakwenda nayo kaburini, basi. Kumbe nimeshamfundisha mtoto kumfuta Bibi, naye anafuta kwa adabu, kwa rula.

"Acha," nikamwambia. "Usifute."

Nikamwambia yote. Tundu la mdomo, unga wa mtama, kanzu, maneno manne. Alinisikiliza bila kunitazama. Nilipomaliza akasema, "Nimelia Kilwa, Babu. Nimelia kwenye kaburi la watu."

Nikamwambia najua.

"Na lake liko wapi?"

Tulikwenda watu walipoanza kurudi Mocímboa. Nilijua nitakapompeleka: unaingia kwa lango la makaburi, unapita mkwaju, safu ya tatu, bakuli la buluu. Hakuna lango. Mkwaju umekatwa. Upande ule wote mashine zimechota udongo kujengea tuta wakati wa mapigano, ardhi imefumuliwa kama godoro. Nilizunguka na mkongojo nikisema hapa, hapana, pale, subiri, pale. Mwanaisha alinifuata mwanzo na simu ya kupigia picha, kisha akaiweka mfukoni. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa mwisho duniani anayelijua kaburi lile, na nilisubiri mpaka likaondoka.

Kutoka pale akasema twende Diaca. Nikasema watu watakuwa wamekimbia. Akasema tutauliza. Kuuliza kwa nusu saa tu, kwa miguu yetu wenyewe, tukaelekezwa kwa mama mmoja anaitwa Tereza, amerudi karibuni, anamenya muhogo mbele ya kibanda cha nyasi mpya. Umri wake ni kama wangu. Mwanaisha akampigia magoti, akamwamkia, akaanza kueleza tumetoka pwani, tunatafuta ukoo wa msichana aliyechukuliwa zamani, jina lake Nandenga. Yule mama akaacha kisu. Hakumtazama Mwanaisha. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye wa mlangoni," akasema.

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Yule mtu wa unga alikuwa baba yake. Aliporudi kutoka Mocímboa, alisema Mama Tereza, aliwakusanya wote akawaambia: "Nimefika. Mlango nilifunguliwa na baba yangu mwenyewe, akiwa kijana, masikio yaleyale, kidevu kilekile. Akaniambia hawamjui. Basi shangazi amekufa, maana angekuwa hai angesikia sauti yangu akatoka." Ule unga aliorudi nao wakaumwaga chini, wakamlilia siku hiyo, wakamaliza matanga.

Kwa hiyo alijua. Aliposimama pale akinitazama uso mzima, alikuwa ameshajua, na akaniomba samahani.

"Na wewe tulikuhesabu," Mama Tereza akasema. "Tukitaja wazee wetu tunasema: Nandenga aliyechukuliwa, na mwanawe tusiyemjua, na mjukuu wake wa mlangoni. Hatukuwa na jina lako. Unaitwa nani?"

Nikamwambia naitwa Bakari.

"Bakari," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akauliza, "Kaburi tutaonyeshwa?"

Nikamwambia halipo. Akachukua kisu akaendelea kumenya muhogo. Baadaye alitupikia, tukala kwa bakuli moja. Hakunitukana, hakunifukuza. Angenifukuza ningejua la kufanya.

Sasa mwanangu, zima hiyo simu kama unataka, haya mengine shika kwa kichwa. Wao walinitunzia nafasi bila kujua hata jina langu. Mimi jina nilikuwa nalo, nikalitoa. Shaabani hii hitima yetu ilisomwa kwa kitabu kipya, mwandiko wa Mwanaisha, na Mama Tereza alikuja akakaa na wanawake uani, msalaba wake shingoni, hakuna aliyemuuliza. Ikasomwa: Faida, kwao Nandenga, mtu wa Diaca. Watu waliitikia.

Na nimeusia. Siku mtakaponiandika mimi kwenye kitabu kile, andikeni: Bakari wa mlangoni, aliyemkana bibi yake. Mwanaisha anasema haandiki, ni aibu kwa mzee. Nimemwambia akikataa, ameirithi kazi yangu.

Basi ukitafuta wazee wako, mwanangu, usitafute mzee mzuri. Tafuta aliyekuwepo. Nenda kwenye vitabu vya serikali, nenda kwenye karatasi za msikiti na za misheni, na usikae pwani peke yake, panda na bara, maana waliochukuliwa walichukuliwa kutoka kwa watu, na watu wale bado wanahesabu. Karatasi ikisema hivi na babu yako akasema vile, usipige mstari kwa heshima. Rudi umuulize tena, na akikasirika, ujue umegusa mahali penyewe. Jina ambalo wakubwa wanaliruka ndilo la kuanzia. Na ukiambiwa na mwenye kufa, waambie nipo, waambie. Usingoje uwe mzee, makaburi nayo hayangoji.

Mungu akupe macho ya kusoma na aiepushe mikono yako na rula. Akukutanishe na watu wako wote, wa meza kuu na wa uani. Na mtu wa mbali akija kuulizia jina lako siku ambayo wewe huwezi tena kutoka, amkute mlangoni mtoto wa kusema: ndiyo, ni wetu, ingia, utue mzigo.